Mfereji Ulionyooka Kupita Kiasi

Ofisi ya elimu ilitangaza, kwa kipaza sauti na kwa uzito unaostahili, kwamba tatizo la walimu wa hisabati katika shule za milimani limekwisha. Mwalimu Rahel alipiga makofi pamoja na wenzake. Alhamisi mkaguzi angekuja kumtazama akifundisha. Asiporidhika naye, kidato cha pili wangerudia kuitumia saa ya hisabati kuchora ndege.

Tangu akabidhiwe somo lile, mistari ilikuwa imemwingia ndotoni. Asubuhi, ukungu wa Uluguru ukipanda taratibu, aliiona ikielea juu ya mabonde: miwili sambamba, gradienti ileile, imetofautiana mahali pa kuanzia tu, kama mapacha waliolelewa vijiji mbalimbali. Kisha wa tatu ukaja kuikata yote kwa pembe mraba, bila kelele.

Ndiyo maana Jumatatu aliwapeleka wanafunzi kwenye bustani ya shule. Waliyachora matuta ya mchicha kwenye karatasi ya grafu, wakapata gradienti ya nusu.

"Sasa mfereji wa kuyakata," alisema Rahel. "Tunageuza nusu juu chini, tunabadili alama."

"Hasi mbili," alijibu Veronika, binti wa wakulima wa kabichi. "Ila mwalimu, sisi huku mfereji tunaupeleka mshazari. Ukinyooka hivyo, maji yanashuka kama yameitwa."

"Mshazari haumo kwenye mada, Veronika."

"Kwao mwalimu ni tambarare, kwenye miwa," mwenzake alimnong'oneza. "Kule maji yanalala."

Wakachimba. Mfereji ulinyooka vizuri mno. Rahel alisimama akiutazama mpaka wanafunzi wakaondoka na majembe.

Jumatano mvua ikanyesha.

Mkaguzi alikuta mchirizi mwekundu umeipasua bustani kutoka juu hadi chini. Akamwita Veronika.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Hiki nini?"

"Mstari unaokata matuta kwa pembe mraba. Nusu mara hasi mbili ni hasi moja."

"Na matuta?"

"Yako shambani kwa mzee Gabrieli, kule chini. Bado yako sambamba kidogo."

Mkaguzi alitazama bondeni, ambako ukungu ulikuwa ukifunika ulichoweza. Mwishowe akasema mwanafunzi ameelewa, mwalimu aendelee.

Rahel alishukuru, akafuta ubao, akaenda kwenye kipindi kilichofuata. Kilikuwa cha historia, somo alilosomea.