Kisu cha Chuma Kimoja

Mhunzi huyu jina alikuwa nalo, ila nani alilitumia? Kaka yake aliitwa Shoto kwa vile kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto, na yeye akabaki kuitwa mdogo wake Shoto mpaka mvi zikamtoka. Wawili hao walifua visu vyenye maua. Siri yake si uganga, ni kuchagua chuma. Unapanga springi ya lori na bapa la msumeno wa mbao, tabaka juu ya tabaka, unachoma, unagonga mpaka vishikane, kisha unalisokota pande lote kama mtu anayekamua nguo. Ukikiloweka kisu kwenye tindikali, springi inageuka nyeusi, msumeno unabaki mweupe, na maua yanajitokeza. Ya mdogo yalilalia kulia, ya Shoto kushoto. Hata mama yao, ambaye macho yake hayakuona tena, aliyajua kwa kupapasa, maana tindikali hula chuma kimoja kuliko kingine.

Shoto akaondoka asubuhi moja kutafuta makaa, asirudi. Alitafutwa weee, wapi. Mama akawa anamtengea sahani, na yeye mwenyewe hali mpaka mwanawe arudi. Akakonda, akabaki mifupa na ngozi.

"Mama, aliyekufa hangojwi," mdogo alimwambia.

"Kwani umemzika wewe? Nifulie kisu kwa nyundo yake. Kama yu hai, maua yatalalia kushoto. Mkono wake usipoonekana, nitamlilia, nami nitakula."

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mdogo alichukua springi moja tu, akaikata vipande, akavipanga vyenyewe kwa vyenyewe. Chuma cha aina moja hakitoi ua hata ukisokote mpaka kiyama. Tindikali inakila sawasawa, kinatoka cheusi tii. Alijua anamdanganya mama yake, na roho ilimuuma. Lakini afadhali alie kuliko afe na njaa.

Alifua mchana kweupe, mlango wazi. Nyundo ya kaka yake ilikuwa nyepesi mno. Mara mbili aliweka koleo kulia kwake, akalikuta kushoto. Akajiambia ni joto hilo.

Akakitia kisu kwenye tindikali, akakitoa. Maua yalikuwepo, meupe pee, yamelalia kushoto. Weupe huo ulitoka wapi, na msumeno haukuwemo? Alikigeuza upande wa pili, maua yale yale. Ndipo alipoona kwamba kisu amekishika kwa mkono wa kushoto.

Aliwaza kukisaga upya, lakini mama alishafika mlangoni, anapapasa ukuta. Akakipokea kisu, akapitisha kidole taratibu. Halafu akaushika ule mkono uliompa, akaugeuzageuza.

"Umechelewa, mwanangu," alisema. "Njoo ule."

Mdogo alitaka kusema, mama, ni mimi. Lakini mama alikuwa ameshakaa mezani, anakula kweli, tonge baada ya tonge, kwa mara ya kwanza tangu Shoto apotee. Ungekuwa wewe ungesemaje? Akakaa kwenye kiti cha kaka yake, akala kwa kushoto, wala hakumwaga hata punje.

Walipomaliza, mama alinyanyuka, akapakua sahani nyingine, akaifunika vizuri.

"Hii ya mdogo wako," alisema. "Sijui kaenda wapi. Tangu asubuhi simsikii."