Mufereji wa mama

Mimi ninauzishaka nguo za balo, zile za mitumba, ku soko ya Butembo. Siku moja nilifungua balo yenye ilitoka Kasindi, nikakuta mu katikati ya mashuka kitu ya kijani, nzito, na kamba zake na bijiti zake za chuma. Hema! Hema muzima, bila tundu hata moja. Mwenzangu wa meza ya pembeni akasema niiuzishe mbio mbio. Nikamujibu: jamais, hata siku moja. Mimi nilikuwaka gide, skauti ya babinti, ku paroisse, na kila vakansi ya masomo tulikuwa tunalala mu hema, hata mu pori ya upande wa Beni, mbele vita ifunge pori ile. Nilitamani tena kusikia mvua juu ya hema, na mwenye kutaka kucheka, acheke.

Lakini ku nyumba nilikuwa na mama yangu muzazi. Alikuwa amekimbia shamba yake upande ule ule wa Beni, kakao na maharagi na ndizi, yote. Alilala chini ya bashi ya plastiki miezi mingi mbele ya kufika kwangu. Toka siku alifika, hakushika jembe. Mama yangu! Mwanamuke mwenye alikuwa anaamka mbele ya kuku! Sasa alikuwa anaikala ku kiti pa mulango toka asubui mpaka mangaribi, mikono juu ya magoti. Nilimuonyesha kipande ya udongo nyuma ya nyumba, apande hata mboga ya lengalenga. Akaangalia, akasema, «Udongo ya batu,» akarudi ku kiti. Na ku kichwa ya kitanda chake kulitundikwa kifuko moja, daima kimejaa: sufuria ndogo, chumvi, kiberiti, kisu, kitenge. Kifuko ya kukimbia. Niliogopa sana. Kwetu, mutu wa kulima akiacha kulima, banaanza kumulilia.

Njo nikasema: tutaenda ku kampi, kulala mu hema, siku tatu, na mama. Bwana yangu akashika kichwa.

«Unapeleka mama mukwe wangu mu hema? Yeye? Uko na akili kweli?»

Mama mwenyewe alisikia, akauliza pole pole, «Mwanangu, mutu anaacha nyumba ya mabati, anaenda kulala mu bashi kwa kupenda? Nani anabakimbiza?»

Nilikasirika, sifichi. Nikajibu, «Hakuna mwenye anatukimbiza! Tunaenda kutembea tu, kama batu!» Kisha nikasikia haya, juu si vile mutu anasemaka na mama yake. Lakini asubui nilimukuta amevaa, na kifuko chake mu mukono.

Pahali ile, ukitoka Butembo, unapita Musienene kidogo. Mwalimu moja mwenye aliacha kufundisha, anaikala palepale, alichimba étang, bwawa ya samaki, mukubwa mpaka batu banaiita ziwa, na nyuma yake aliacha kipande ya pori, miti ya babu zetu, hakukata. Bijana ba makanisa banaendaka kupiga hema pale. Maji imetulia, ukungu inapanda kati ya miti, unasikia ndege zenye huzijui hata jina. Ah, Mungu alitumika pale!

Nilichagua pahali karibu kabisa na maji, palipo sawasawa, na nikaanza kupiga misumari ya hema na kiburi yangu yote ya gide. Bwana yangu alishika kamba. Mama aliikala juu ya gogo, akangoja musumari wa mwisho.

«Umemaliza?»

«Nimemaliza, mama.»

«Basi, ngoa.»

«Ningoe nini?»

«Yote. Umelala mu njia ya maji.»

«Mama! Mimi nilikuwaka gide!»

«Na mimi nilikuwa mukimbizi,» akasema.

Bwana yangu akaangalia samaki. Mama akasimama, akatuonyesha majani: yote ilikuwa imelala upande moja, kuelekea étang. Maji iliilaza. Akakataa chini ya mikaratusi, juu matawi yake inavunjikaka bila kuaga. Akapanda kidogo ku mulima, akapima udongo na mguu, akasema, «Hapa.» Tukangoa, tukapiga tena. Kisha akamugeukia mwalimu, mwenye alikuwa anatuangalia na kicheko mu macho, akamuomba jembe ya kuchimba mufereji.

Jembe! Nilijifanya ninatafuta chumvi, mutu asione uso yangu. Mama akafunga kitenge vizuri, akapiga jembe ya kwanza, ya pili. Alichimba mufereji kuzunguka hema yote, akauelekeza chini ku étang. Saa ya nane mvua ikashuka, ile mvua yetu yenye haiombaki ruhusa. Pahali pangu pa gide pakakuwa muto. Sisi tulikuwa mu hema, pakavu, tunakula mahindi ya kuchoma, na ile sauti juu ya hema! Nilimuangalia mama yangu nikajisemea: huyu mwanamuke, hata chuo gani ingemufundisha nini?

Asubui niliamka, mama hakuwa mu hema. Nilitoka mbio, miguu bila biatu. Alikuwa mbele ya mufereji, anakokota jembe, na nyuma yake matuta: moja, mbili, sita. Mwalimu alisimama pale, mswaki mu kinywa.

«Mama, hii ni kampi,» akasema.

«Najua. Lakini udongo yako iko muzuri, unaiachia majani. Huoni haya?»

Mwalimu akacheka mpaka akatoa mswaki. «Batu banasema mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe. Wewe hukungoja hata ya pili! Basi, lima, mama. Lima mpaka uchoke.»

Nikarudi ku jiko kuweka maharagi ku moto. Sikuona maharagi.

«Mama, chakula iko wapi?»

«Iko mu udongo.»

Siku ile tulikula bugali na samaki ya mwalimu.

Siku ya tatu nikaanza kungoa misumari. Mama akanishika mukono. «Iache. Ninyi rudini. Mimi ninabaki mpaka maharagi itoke.» Muke wa mwalimu, nyumba yake iko hatua kidogo, akasema atakuwa anakuja kuongea naye kila mangaribi. Nilitaka kubishana, lakini bwana yangu akanivuta kitenge.

Mama aliingia mu hema, akatoka na kifuko chake. Sufuria, chumvi, kiberiti, kisu, kitenge, yote ilibaki ndani ya hema, imepangwa. Akanipa kifuko kitupu.

«Pita ku soko ya Musienene,» akasema. «Uniletee mbegu ya biazi. Ujaze.»