Mafuta ya Mbuta Kwenye Waya wa Gia

Kaka yangu alinunua baiskeli ya milima kuukuu mjini Migori kwa sababu moja: hakutaka kurudi kwenye mashimo ya dhahabu ya Macalder. Alikuwa amechimba huko tangu aache shule, na sasa kila akilala kifua chake kilitoa mlio kama mfuko wa nailoni unaokunjwa. Mpango wake ulikuwa kubeba samaki kutoka Homa Bay hadi soko la Migori. Wachukuzi wengine walitumia zile baiskeli nyeusi nzito, nao walishuka na kusukuma kila penye mlima. Mwenye gia, alituambia, angepanda akiwa ameketi na kufika samaki wakiwa bado wabichi.

Baiskeli yenyewe ilikuwa imechoka. Gia zilikataa kubadilika, na breki ya nyuma ilikuwa pambo tu. Fundi wetu, aliyefanyia kazi nyuma ya stendi, aliizunguka bila kuigusa.

"Omera, ndugu yangu, hii ni baiskeli ama ni redio? Waya yote hii ni ya nini?"

"Ya kupanda mlima wa Rodi nikiwa nimekaa," kaka akajibu.

"Utakaa kweli. Kando ya barabara."

Hata hivyo aliifanya kazi. Mfanyabiashara Mwislamu aliyetuuzia baiskeli hiyo alituruhusu tung'oe kibadilisha gia kizuri kwenye baiskeli nyingine iliyopinda fremu. Fundi akakifunga, akatia waya mpya, akachonga raba za breki kutoka kwenye tairi la lori. Siku alipomaliza, kaka alipanda kilima cha nyumbani akibadilisha gia moja baada ya nyingine, kila moja ikiingia kwa mlio safi. Mama alitoka jikoni kutazama, akacheka.

Tulienda Homa Bay pamoja, yeye kwa baiskeli, mimi kwa gari. Kule ufukweni mafuta ya mbuta, yule sangara wa ziwani, ni ya kila kazi: watu hukaangia, hujipaka miguuni, huyatia kwenye bawaba za milango na kwenye cheni za zile baiskeli nyeusi, na hakuna kinachoharibika. Jioni, mwanamke aliyemuuzia samaki alimpa kopo la mafuta hayo, kama walivyopewa wachukuzi wote. Kaka akapaka cheni, kisha akayamimina ndani ya ile mirija ya plastiki inayofunika waya za gia na breki. Hakuna aliyeona ajabu. Baiskeli nyeusi hazina mirija.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe, nami niliikagua baiskeli nikaona ni kweli. Asubuhi kulikuwa na baridi, na mafuta yakaganda ndani ya mirija. Kwenye mlima wa Rodi, akirudi na mzigo wa samaki, gia ikakataa. Akavuta kwa nguvu, ikakataa tena, akavuta kwa mikono miwili. Waya ukaachia ghafla, cheni ikaruka kupita meno ya mwisho, na kibadilisha gia kikaingia kwenye spoku kikakatika.

Mimi nilikuwa nimetangulia kwa gari, nikamsubiri sokoni Migori. Wenye baiskeli nyeusi walikuwa wameshauza na kuondoka alipotokea akisukuma, jua likishuka. Mnunuzi mmoja alifunua gunia, akalifunika haraka.

"Shemeji, hawa wamekufa mara mbili."

"Taja bei yako tu, mama."

"Bei ya nini? Tafuta mbwa."

Fundi alikwangua mafuta kwa msumari akanusa. "Ulikuwa unakaanga waya?" Hakucheka. Kibadilisha gia kingine hakikuwepo mjini. Aling'oa kila kilichobaki, akafupisha cheni, akaacha gia moja. Kwenye tambarare ilienda vizuri. Penye mlima, na mzigo, haikwenda kabisa.

Macalder palikuwa na kazi ya kubeba mawe kutoka mashimoni hadi kwenye kinu cha kuyasaga, na njia yenyewe ni tambarare. Kaka alimwambia mama kwamba angebeba tu.

"Juu ya ardhi?" mama akauliza.

"Juu tu."

Lakini wabebaji walikuwa wengi kuliko mawe. Nilipoenda kumtembelea, mtu mmoja alinionyesha shimo kwa kidole. Niliinama nikamwita kaka. Kilichopanda kwanza kilikuwa kikohozi, kikakaa muda mrefu, ndipo likafuata jina langu.