Punje Thelathini na Tatu hadi Themanini

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Malindi, mwendo wa gari haukupimwa kwa simu. Kwetu ulipimwa kwa tasbihi ya Bibi.

Baba alikuwa na gari la kijivu la magurudumu makubwa, lenye mabenchi mawili ya kutazamana nyuma. Humo tulijazana watoto sita, magoti yakigongana, mchanga wa mchezo wa nage ungali miguuni, tukinusa dizeli iliyochanganyika na kaimati za Mama chini ya kawa. Kila Ijumaa baada ya sala tulikwenda Mambrui kwa dada yake Bibi, ambaye miguu ilikuwa imemwishia nguvu. Tukishavuka daraja la Sabaki, pale barabara inaponyooka, Baba alisimamisha gari kabisa.

"Mama, tayari?" akamuuliza Bibi.

Saa ya mkono ya Baba ilikuwa imekufa siku nyingi. Basi Bibi, aliyekaa mbele, alianza kuvuta uradi: Subhanallah, punje moja, Subhanallah, ya pili. Baba alikanyaga mafuta, bati lote likatetemeka, nasi tukautazama mshale wa mwendo ukipanda kivivu. Kwa kawaida ulifika themanini Bibi akiwa punje ya thelathini. Mwenyewe alisema dhikri ni dhikri, hata ikipakiwa garini.

Mwaka mmoja gari likachoka. Tajiri wa Mombasa akalitaka, na Baba, mtu asiyerudi nyuma akishatamka, akasema Ijumaa ijayo lisipofika themanini kabla ya punje ya thelathini na tatu, analiuza. Tungefikaje Mambrui? Nilimwona Bibi akifunga halua ya dada yake, akaifungua, akaifunga tena.

Siku ikafika. Punje ya ishirini, mshale uko hamsini. Ya ishirini na nane, sitini. Nilitaka kulia. Ndipo sauti ya Bibi ilipoanza kurefuka, Subhaaanallah, kama anayebembeleza mtoto alale. Ya thelathini na moja ilikuwa ndefu. Ya thelathini na mbili ikapita mnazi wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kidole gumba kimeganda pale pale. Bibi yule yule ambaye hakutudanganya hata dawa ilipokuwa chungu. Mshale ukagusa themanini.

"Thelathini na tatu," akasema, akafumba mkono.

"Basi bado linakwenda," Baba akajibu, na gari halikuuzwa.

Miaka mingi baadaye, Bibi na dada yake wote wametangulia mbele ya haki, nilimuuliza Baba kama alijua. Akacheka mpaka akafuta macho. "Nilijua, mwanangu. Nilikuwa naomba tu asiishiwe pumzi."

Siku hizi kijana wangu ana gari kubwa la familia, na simu ameibandika kiooni, maana vijana wa leo hawaamini kitu kisichochajiwa. Juzi alinipeleka pale pale baada ya daraja, akakanyaga, gari halikutoa hata mguno. Sekunde tisa hadi themanini, simu ikaonyesha. Nikamsifu. Kisha akageuza gari turudi Malindi, kwa kuwa Mambrui hatuna tena wa kumwendea.

Tasbihi ya Bibi ninayo mimi. Nilikuwa nimeishika muda wote, kidole kiko kwenye punje ya tisa, nami nilitamani sana kuikawiza.