Baba Alizikwa Bila Radhi ya Mama

Nikiwa mtoto niliamini kwamba Sala ya Baba Yetu ina mahali pa kupumzika. Kila Jumapili katika kigango chetu, nje kidogo ya Butiama, mama alisali kwa sauti yake nzito mpaka pale tunapomwomba Mungu atusamehe kama sisi tunavyowasamehe waliotukosea. Hapo alinyamaza. Alifunga mdomo, akatazama mbele, akasubiri wenzake wapite, kisha akaungana nao mwishoni. Na mimi nilinyamaza naye. Nilikuwa darasa la nne mwalimu wa dini aliponichapa kwa kuruka maneno, ndipo nikajua kwamba waumini wengine hawapumziki pale.

Komunyo pia hakupokea. Wenzake walipojipanga yeye alibaki kwenye benchi, akisogeza magoti ili watu wapite. Hakuna aliyemuuliza sababu. Watu wazima wote waliijua, na sababu yenyewe nilikuwa mimi.

Baba alikuwa mkulima na mfugaji kama wanaume wengi wa kwetu, Mkatoliki aliyebatizwa angali mchanga. Mama alipokuwa na mimba yangu, baba alikuwa ameshampata mwanamke Bunda, binti wa familia ya Kiislamu iliyouza nguo sokoni. Familia ile haikutaka binti yao awe hawara wala mke wa pili. Walitaka baba asilimu, na walitaka awe ameshaachana na mama. Kusilimu kwake hakukuwa tabu. Tabu ilikuwa wazee wa ukoo: angewaambia anamwacha mke wake kwa kosa gani, na tumbo lile linaonekana? Basi akatafuta kosa. Aliita baraza nyumbani, wazee wa ukoo pamoja na wazee wa kigango, akasimama akasema mimba ile si yake. Akamtaja mwuza dagaa aliyekuwa akipita na baiskeli kutoka Musoma. Yule mwuza dagaa aliposikia hakukanyaga tena kijijini kwetu, na watu wakachukua kule kutorudi kwake kuwa ushahidi.

Mama hakuondoka. Alikuwa na wana wakubwa, na wazee wakamwachia nyumba na shamba kwa ajili yao. Lakini wanawake wenzake waliacha kumwalika kwenye kulima kwa zamu, na mimi nilipoanza shule nilikuta nimeshapewa jina, Dagaa. Mpaka leo kuna watu wazima kijijini ambao hawanijui kwa jina lingine. Mama hakununua dagaa tena maisha yake yote. Hata furu wakavu, ambao ni samaki wengine kabisa, hakutaka kuwaona jikoni kwake.

Baba kule Bunda alisilimu, akaoa, akapata watoto. Kaka yangu mkubwa alikutana naye mara moja mnadani na kumuuliza kwa nini alifanya vile. Baba alimjibu kwamba mtu akiingia Uislamu dhambi zake za nyuma zote zinafutwa, anakuwa kama aliyezaliwa siku hiyo. "Yale yalikuwa ya mtu mwingine," alisema. Kaka aliporudi kutusimulia, mama alikuwa anapepeta mtama. Aliendelea kupepeta. "Mtu mwingine," alisema. "Mbona mimi sikupata mume mwingine?"

Baba alikuja mwenyewe baada ya miaka mingi. Mimi nilikuwa nimeshaolewa Musoma, nashona nguo pale Iringo, nina watoto wangu. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kumsaidia mama kuanika muhogo juu ya mwamba ulio nyuma ya nyumba. Gari dogo liliingia uani, akashuka mzee wa kanzu na kofia, mguu mmoja umevimba kwa ugonjwa wa sukari. Aliongozana na sheikh wa msikiti wake, mwanamume mdogo kwake kwa umri, mwenye sauti ya upole.

Mama aliwapa viti. Baba alinitazama, akamuuliza, "Na huyu ni nani?"

"Huyu ni wa mwuza dagaa," mama akasema.

Sikuwa nimewahi kumwona baba kwa karibu namna ile. Aliinamisha kichwa, akaanza kusugua goti. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitikia "Marahaba" bila kuniangalia, na hayo ndiyo mazungumzo yote tuliyowahi kuwa nayo.

"Mama watoto," alianza, "nimekuja unihalalishie."

"Nikuhalalishie nini? Taja."

Akamtazama sheikh. "Yale ya zamani."

"Ya zamani ni mengi. Taja."

Ikabidi sheikh aseme. Alieleza kwamba Ramadhani ile alikuwa ametoa mawaidha msikitini, na baada ya mawaidha mzee alimfuata akilia. Kwa miaka yote alidhani kusilimu kwake kumemaliza kila kitu. Sasa amesikia kwamba aliyomkosea Mungu, Mungu huyafuta mtu akitubu, lakini aliyomdhulumu mtu yanabaki mpaka mwenyewe aliyedhulumiwa aridhie.

"Kwa hiyo Mungu wenu anasubiri niseme mimi?" mama akauliza.

"Mungu anaweza yote, mama. Ila ametufundisha kwamba haki ya mtu ni ya mtu. Swala na saumu ni baina ya huyu mzee na Mola wake. Hili ni baina yake na wewe. Asipolimaliza hapa duniani, siku ya hesabu hatapita mpaka mkutane, na thawabu zake zitachukuliwa, utapewa wewe."

"Swala zake zote alizosali huko Bunda zije kwangu?"

"Kwa kadiri ya dhuluma."

Mama akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mimi sizitaki. Nikae nazo wapi?"

Sheikh hakucheka. Alisema jambo ambalo nilimwona mama akilipokea mwili mzima, mgongo ukanyooka. Alisema kwamba kumsingizia mwanamke mwenye heshima zake kuwa amezini ni katika madhambi makubwa kabisa, na kwamba njiani alimwambia mzee kuwa aliyesema mbele za watu akanushe mbele za watu.

"Sheikh, si tulikubaliana tuyamalize taratibu?" baba akasema.

Mama alimgeukia. "Njoo Jumapili. Misa ikiisha watu watakuwa nje, na wale wazee waliobaki watakuwepo. Simama useme ulidanganya. Siku hiyohiyo nitakusamehe, na chakula nitakupikia."

"Mimi na kanzu yangu nisimame pale kanisani? Wajukuu zangu wasikie? Si umalize hapahapa tu. Wewe ni Mkristo. Ninyi mnasamehega bure."

"Bure ni kwa Mungu," mama akasema. "Mimi si Mungu."

Baba aliinuka kwa shida. Alisema atafikiria, atarudi baada ya Idi. Sheikh alibaki nyuma kidogo, akamwambia mama kwamba akisamehe atapata ujira mkubwa, na asiposamehe hana lawama. Mama alimshukuru. Gari lilipotoka alirudi kwenye mwamba wake, akaendelea kugeuza muhogo. Baadaye alisema, "Nimekuwa kanisani tangu nazaliwa. Wa kwanza kuniambia nina haki ni sheikh."

Maneno hayo yalimfikia Padri, kama kila kitu kinavyomfikia. Alikuja na pikipiki yake katikati ya wiki, mimi nikiwa bado nipo. Alikuwa mtu mwema, na nasema hivi nikijua kwamba nitakayoyasimulia hayampendezeshi.

"Mama, sheikh hajakosea," alisema. "Hata kwetu aliyechafua jina la mwenzake anapaswa kulisafisha. Angekuja kuungama kwangu ningemwambia vilevile. Lakini kwetu msamaha hausubiri. Kristo hakungoja tutubu ndipo afe kwa ajili yetu. Wokovu haukutokana na stahili ya mtu. Sasa wewe uliyepewa bure, unamdai mwenzako."

"Akija Jumapili nitamsamehe."

"Na asipokuja? Utakaa na moyo uliofungwa, na wewe ndiye utakayekosa mbingu."

Mama alikunja mikono mapajani. "Kwa hiyo alinitukana yeye, na motoni niende mimi?"

Padri alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo, Padri. Mimi mwenyewe nimekusikia."

Nilikuwa mlangoni jikoni, na hasira niliyoisikia siku ile sijaimaliza. Baba alipewa mlango wa kufutiwa alipoingia dini ya pili, na kama angerudi ya kwanza angepewa mlango mwingine, apige magoti, atoke mweupe. Mama hakwenda popote. Hakumkosea mtu. Na bado ndiye aliyekuwa akitumwa kazi: samehe, fungua moyo, pata ujira, usipotee.

Idi ikapita. Baba hakuja Jumapili ile wala zilizofuata. Kisha mwanawe wa Bunda, kijana mkubwa mwenye duka sasa, akanipigia simu. "Dada," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza mtu wa upande ule kuniita hivyo. Baba amepigwa na kiharusi, upande wa kulia hauna nguvu na ulimi umekufa. Kijana aliomba nimlete mama mkubwa, ndivyo alivyomwita mama yangu.

Nilidhani mama atakataa. Alivaa kitenge chake kizuri tukaenda. Baba alikuwa amelazwa chumba cha mbele, macho yake yakatufuata kutoka mlangoni. Mama alikaa kwenye kiti kando ya kitanda. Baba akaanza kutoa sauti, si neno, sauti tu ya kooni, machozi yakishuka upande mmoja. Mke wake wa Bunda alisimama ukutani na ushungi mdomoni. Kijana alisema, "Mama mkubwa, anaomba. Unaona anaomba. Sema tu umemsamehe apumzike."

Mama alichukua pembe ya khanga, akamfuta baba mate na machozi, taratibu, kama anavyofutwa mtoto. Watu wote chumbani tukadhani sasa anasema.

"Nilimwambia aseme alipokuwa na mdomo," alisema. "Sasa hana. Si mimi niliyemnyamazisha."

Akaomba maji ya kunawa mikono, akatoka nje.

Baba alikufa kabla ya mvua kuanza. Kwa kuwa Waislamu hawachelewi kuzika, tulitoka Butiama tukiwa hatujanywa hata chai. Nyumba ya Bunda ilikuwa imejaa. Tulikaa na wanawake kwenye mikeka uani, na wale majirani wasiotujua wakawa wananiangalia. Mmoja, mama mnene aliyekuwa akigawa maji, alisimama mbele yangu akapiga makofi. "Subhanallah, huyu naye ni wa marehemu? Jamani, si ndiye mwenyewe! Macho, paji la uso, hata anavyokaa!" Wengine wakaitikia, ndiyo, ndiye kabisa, hakuna haja ya kuuliza.

Mama aliyasikia. Maneno aliyoyasubiri maisha yake yote yalisemwa na mtu asiyemjua, kati ya wageni, katika mji ambao hakuna aliyewahi kumwita kahaba. Wale wazee wa baraza letu walikuwa karibu wote wameshakufa wakiamini walichoambiwa. Nilimshika mkono. Ulikuwa mkavu na baridi, akauvuta.

Jeneza lilipotolewa nje kijana alisimama mbele yake kama ilivyo kawaida yao, akatangaza kwamba kama kuna anayemdai marehemu ajitokeze kwa familia, na kama kuna aliyekosewa naye, wanaomba amsamehe. Watu wakanung'unika kwamba wamesamehe. Mama akasimama.

"Mimi namdai," alisema. "Simdai pesa. Anajua alichonifanyia na Mungu anakijua. Sijamsamehe."

Mwanamke mmoja akasema, "Astaghfirullah, mbele ya maiti?" Kijana akamkimbilia mama, akainama kabisa kwenye miguu yake. "Mama mkubwa, nakuomba. Kwa ajili yangu mimi." Mama akamwinua. Akamwambia yeye hana kosa, asijisumbue. Sheikh ndiye aliyekata yale mambo. "Ni haki yake," alisema. "Msimlaumu. Tunyanyue jeneza." Wanaume wakaondoka nalo, wakisoma, na sisi tukabaki uani kati ya wanawake waliotugeuzia migongo.

Tuliporudi nyumbani nilimuuliza mama jambo ambalo nililibeba tangu Bunda. "Mama, na mimi je? Alinikana nikiwa tumboni. Alifika hapa, nikamwamkia, hakuniangalia. Mbona hakuna aliyeniuliza kama nimesamehe?"

Alikuwa anavua viatu. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe una nini cha kusamehe? Aliyetukanwa ni mimi."

Nilikwenda kuwasha moto. Padri alikuwa amesema mama atapotea, sheikh alikuwa amesema baba atafilisika mbele ya Mungu, kila mmoja alikuwa na hesabu ya watu wawili, na mimi ambaye jambo lenyewe lilikuwa juu yangu sikuwemo. Hata kwa mama sikuwemo.

Sasa amezeeka, anatembea kwa fimbo. Padri mwingine amekuja, kijana, huwapelekea wagonjwa Komunyo nyumbani, na kila akipita humuuliza kama yuko tayari. Mama hujibu, "Bado." Nilipokwenda kumwona mara ya mwisho tulikaa barazani jua likipungua makali, akauliza ghafla, "Unafikiri yuko wapi?"

"Sijui, mama."

"Sheikh alisemaga hawezi kupita mpaka tukutane." Alifikiri kidogo, akirudisha khanga begani. "Na Padri yule wa kwanza alisema mimi mbinguni siendi. Sasa tutakutana wapi?"

Niliendelea kumchambulia mboga. Hakuwa anatania, wala hakuwa ananingoja nijibu.