Supu ya Muzee

Kwetu Cimpunda, mtaa wa Bukavu, mama yangu alikuwa na siku mbili kwa mwaka za kutufukuza jikoni: Noeli na Pasaka. Kuku ameshaiva, mchele umeshalainika ndani ya mchuzi, mayai yako kwenye bakuli na ndimu zimekatwa, ndipo anageuka na mwiko mkononi.

«Mutoke! Mayai haipendake makelele.»

Mlango unafungwa. Tunabaki nje kwenye kibaraza tukinusa. Anapoufungua tena, ule mchuzi wa kawaida umekwisha kuwa kitu kingine, kizito kidogo, cha manjano iliyopauka, kichachu, laini kooni. Tulikiita Supu ya Muzee. Muzee ni babu yangu, baba yake mama, ambaye zamani alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mwenye duka pale mjini. Alifariki kabla sijazaliwa. Kwa maneno ya mama, supu ile aliibuni mwenyewe kichwani mwake, na dunia nzima hakuna mtu mwingine anayeila.

Kuipika nilikuwa nimeahidiwa kufundishwa siku nitakapoolewa, si kabla. Kila Pasaka nilinuna. Mimi ni mtu wa kununa haraka, na wanaonijua watasema sijaacha.

Nilipopata bourse, yaani ufadhili, ya kwenda kusoma utamaduni wa Wagiriki kwa muhula mmoja, sikuwa nimeolewa wala sikuwa karibu. Nilikuwa nimemaliza sekondari kwa masista, section ya Kilatini, na chuo kikuu nilikuwa kwenye lettres, yaani lugha na fasihi, kitu ambacho tonton yangu, mdogo wake mama, hakukielewa hata siku moja.

«Bagiriki si bale ba mu Biblia?» akaniuliza. «Kumbe bangaliko?»

«Beko, tonton.»

«Benzako banaenda kusomea petroli, weye unaenda kusomea batu ba zamani.»

Mama hakucheka. Alinishonea koti, akanisindikiza hadi mpakani Ruzizi, na nilipogeuka upande wa pili alikuwa bado amesimama anatengeneza kitenge chake kama mtu asiyelia. Nikapanda basi la Kigali, kisha ndege.

Nitasema wazi: nilifurahi kule. Thesaloniki, huko Ugiriki, ni mji wa kando ya bahari, na bahari ile nilikuwa naiita ziwa mpaka nikazoea. Asubuhi tulikuwa darasani, mchana kwenye makumbusho, wakati mwingine tunapelekwa kukaa juu ya ngazi za mawe ambako watu wa kale walitazama michezo yao, na mwalimu anatusomea huku upepo unampokonya karatasi. Wagiriki wenyewe wanazungumza wakipaza sauti, unadhani wanagombana, kumbe wanaulizana bei ya nyanya. Wanakulisha kwa nguvu. Ukisema umeshiba wanakasirika. Nilijiona niko Kadutu, sokoni kwetu, ila kuna ngazi nzuri.

Siku moja mwalimu alitutangazia kwa heshima zote kwamba leo tungeonja chakula cha taifa lao. Tukaenda, tukakaa, tukaletewa sahani. Maharage. Nilicheka peke yangu hadi wenzangu wakaniangalia.

Kisha baridi ikaja, na mafua yakanilaza. Chini ya chumba changu alikaa mwenye nyumba, mama mzee mjane aliyevaa nyeusi kila siku, mwenye Kifaransa cha maneno machache aliyoyakumbuka toka shule. Alinisikia nikikohoa. Akapanda na bakuli lililofunikwa sahani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akanipa kijiko.

Nilijua kabla sijameza. Uchachu ule, uzito ule, kuku, mchele, rangi ile ile. Machozi yakanitoka mbele ya yule mama wa watu, na yeye akadhani nimezidiwa, akanishika paji la uso, akakimbia kuleta blanketi lingine. Alipotoka nikampigia mama simu.

«Banakufanya nini?» mama akaanza, kwa sababu alinisikia nikivuta kamasi.

«Hakuna, maman. Niko na grippe.»

«Sasa juu ya nini uko unalia?»

«Ni grippe, maman.»

Nilipopona, siku moja nilikuwa kwenye basi la mji, tukapita mbele ya kanisa, na abiria wote wazee wakafanya ishara ya msalaba. Wakaanza na bega la kulia, si la kushoto kama sisi. Hapo ndipo nilipobaki mdomo wazi. Mama alikuwa na hadithi moja ya kutuchekesha, kwamba mzungu wa babu alikuwa mtu mzuri ila hakuwa anajua kufanya msalaba, alikuwa anaufanya kinyume. Muzee hakuwahi kusema mzungu wake ni wa nchi gani. Kwake mzungu alikuwa mzungu. Sasa nilijua alitoka wapi, na nilijua supu nayo ilitoka wapi.

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Supu ya Muzee ilikuwa inauzwa kwenye vihoteli vya bei nafuu kando ya kituo cha basi. Ilikuwa dawa ya mafua. Na mama yangu hana vitu vingi vya kujisifia mbele ya watu. Anauza mafuta ya mawese sokoni Kadutu, anapandisha maji mlimani kama wengine, na kanisani anakaa viti vya nyuma. Ila mara mbili kwa mwaka alikuwa binti wa mtu aliyebuni kitu. Nikimwambia, nimemnyang'anya. Nikinyamaza, kila Pasaka nitakaa mezani kwake nikiwa mwongo. Jambo hilo lilinisumbua kuliko mtihani wowote.

Supu yenyewe sikuiacha, lakini. Niliila kila nilipoikuta, na kila mara nilihisi kuna kitu kimepungua, sikujua nini. Nikajiambia ni nyumbani ndiko kunakokosekana, hakuna zaidi. Nikamuuliza na mwalimu asili yake. Akacheka, akasema majirani wote wanaoizunguka bahari ile wanadai ni yao, na hakuna aliyewahi kushinda kesi.

Nikarudi Bukavu. Jumapili ya kwanza familia ilitaka kula Kigiriki, nami nikaogopa kuigusa ile supu, nikapika maharage, na karoti, na vitunguu, na mafuta ya zeituni niliyoyabeba kwenye chupa iliyofungwa ndani ya soksi.

Tonton aliangalia sahani, akaniangalia mimi. «Umevuka bahari juu ya maharagi?»

Walicheka, wakala, wakamaliza sufuria. Baadaye tulikuwa nyuma ya nyumba tunaosha vyombo, mama na mimi.

«Ile siku ulilia mu téléphone,» akasema bila kuniangalia, «haikukuwa grippe.»

Nikamwambia yote. Bakuli, mama mzee, basi, bega la kulia. Mama aliacha sahani kwenye maji. Nilitamani maneno yangu yarudi mdomoni.

«Ule muzungu wa musalaba ya kinyume,» akasema mwishowe.

«Njo yeye, maman.»

«Kumbe Muzee alijifunza kwa Bagiriki.»

Haraka haraka nikamweleza ya mwalimu, kwamba hata Wagiriki hawana hakika, kwamba majirani wote wanadai.

«Basi na Muzee aingie mu mustari,» mama akasema, «na yeye adai.» Kisha akanigeukia. «Banaijua bote, inchi nzima?»

«Hata batoto.»

«Na miye niko nafukuza batoto yangu mu cuisine miaka yote hii!»

Alicheka mpaka akakaa chini, mikono imejaa povu. Mimi nilicheka nikilia, na safari hii sikusingizia mafua.

Pasaka ilipofika aliwafukuza wote kama kawaida. Nami nikaelekea mlangoni.

«Weye bakia,» akasema. «Kama Bagiriki beko banajua, niko nangoya ndoa yako ya nini?»

Niliangalia mikono yake. Alipiga mayai, akakamulia ndimu, akachota mchuzi wa moto akautia ndani kidogo kidogo huku anakoroga, kama nilivyomwona yule mama mzee akifanya jikoni kwake. Hakuna kilichotofautiana. Lakini kabla ya kurudisha mayai kwenye sufuria, alifungua fundo la kitenge chake, akatoa pilipili moja ya kijani, nzima, na kikonyo chake. Akaiweka ielee juu ya mchuzi, akafunika. Tulingoja. Kisha akafunua na kuiopoa kwa kijiko, taratibu, isipasuke.

«Hiyo ni ya nini?»

«Ni ya Muzee. Muzungu yake alikuwa anaogopa pilipili. Sasa Muzee alikuwa anaitia vile, inaacha harufu tu, na muzungu anasema leo umepika vizuri sana.» Akaniangalia kwa jicho moja. «Kule banaitiaka?»

Nilifikiri vizuri, nikakumbuka kila bakuli.

«Hapana, maman. Kule haiko.»

«Nilikwambia,» akasema, akainua kidevu. Akanipa kijiko nionje kabla ya kufungua mlango.

Nikaonja. Muhula mzima nilikuwa nikijiambia kwamba kinachokosekana ni nyumbani. Kumbe ilikuwa pilipili.