Orodha ya Darasa la Mariachi

Bi Eufemia Cantú aliipokea barua ya shule akiwa na pini tatu mdomoni. Alikuwa akipinda suruali ya bendi ya shule, kazi aliyoifanya miaka ishirini na miwili katika mji wetu wa pamba, huku magharibi ya Texas. Aliisoma mara mbili, akazitema pini kiganjani, akaja kwangu moja kwa moja. Mimi ni jirani yake, na napika shuleni hapohapo.

"Hebu soma hii, Chelo. Uniambie kama ni macho yangu."

Barua ilisema mjukuu wake, Dalila, amepangiwa darasa jipya la mariachi, ule muziki wa Kimeksiko wa magita na tarumbeta, apige gita. Tangu zamani shule ilikuwa na bendi, kwaya na okestra, basi. Sasa walikuwa wameongeza la nne na kulitangaza hadi gazetini.

"Si jambo jema?" nikasema. "Muziki wa harusi zetu umeingia darasani."

"Dalila aliomba klarineti. Nilimwona akijaza fomu kwa mkono wake."

Nikakumbuka ya zamani. Eufemia alikuwa na miaka kumi na miwili alipokwenda kuomba nafasi kwenye bendi, mwaka wa sitini na saba. Mwalimu wa siku hizo alimpima kwa macho juu hadi chini, akamwambia watoto wa vibarua wa pamba wanafaa kupiga makofi tu. Akaenda akapalilia pamba kiangazi kizima, akanunua klarineti kuukuu, akarudi nayo. Alikaa kiti cha mwisho miaka minne, yeye peke yake mwenye jina la Kimeksiko. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Wiki ileile mwalimu wa mariachi, Rogelio Villescas, kijana mpole kutoka San Antonio, alimwomba awashonee wanafunzi suti. Eufemia akakubali upesi mno.

"Amenifungulia mlango mwenyewe," akaniambia. "Nitaingia na futi yangu ya kupimia, na nitapima mengi."

Kweli alipima. Kila mtoto aliyemzungushia ile futi mabegani, alimuuliza kwa sauti ya chini: wewe uliomba nini? Wanafunzi walikuwa kumi na tisa. Kumi na mmoja walikuwa wameomba kitu kingine: ngoma za bendi, kwaya, fidla ya okestra. Msichana mmoja aliomba kuchora. Na majina ya wote kumi na tisa ni kama Garza, Luna, Treviño, Olivas. Hakuna hata mtoto mmoja wa wenye mashamba.

Watoto walipotoka akamgeukia Villescas.

"Mwalimu, orodha hii uliiandika wewe?"

"Nilipewa ofisini, bibi."

"Na hukuona kitu?"

Villescas aliinamia gita alilokuwa akilikaza nyuzi. "Niliona siku ya kwanza," akasema. "Nikaogopa. Nikilalamika wangesema darasa halina watu, walifunge. Nimelipigania miaka mitatu."

"Kwa hiyo ukawanyamazia watoto ili upate wa kufundisha."

Kesho yake Eufemia aliniburuta hadi kwa mwalimu mkuu, Bi Stroud, aproni yangu ikiwa bado kiunoni. Alitaka shahidi.

"Ni mpango wa kompyuta tu," Bi Stroud akasema.

"Kompyuta inasoma inachopewa. Mliipa nini? Majina?"

Bi Stroud akawa mwekundu shingoni. "Tulidhani watafurahia muziki wa kwao."

"Kwao ni hapa, mama. Hiyo klarineti mnayowapa wengine imetoka wapi? Imeota kwenye pamba yenu?"

Nilitazama sakafu nisije nikacheka.

Ilichukua wiki mbili, na barua ya wazazi tisa, ndipo fomu zikatolewa upya, kila mwanafunzi wa shule achague mwenyewe. Saba wakaondoka mariachi. Dalila alikuwa mmoja wao. Alikwenda bendi mbio, hata gita hakuliaga.

Nilidhani Eufemia ataacha zile suti. Villescas naye alidhani hivyo, maana alikuja kwake kofia mkononi.

"Umenichukulia mpigaji gita wangu bora, bibi. Bado utanishonea?"

"Waliobaki wamechagua wenyewe?"

"Wote kumi na wawili."

"Basi wana haki ya kupendeza. Leta kitambaa. Wewe sijakuamini bado, lakini leta."

Jumatatu iliyofuata alikuja mwanafunzi wa kumi na tatu kupimwa: Wyatt Koenig, mtoto wa wenye kiwanda cha kuchambua pamba. Eufemia alimzunguka mara mbili.

"Nani amekutuma huku?"

"Hakuna, bibi. Bendi napiga tarumbeta noti nne, halafu nahesabu kimya kurasa nzima. Huku tarumbeta haipumziki."

"Baba yako anajua?"

"Anajua. Amenuna."

Akampima mikono, akaandika, akampima tena, kana kwamba huenda mkono wa pili ungesema kitu tofauti. Kijana alipoondoka, Eufemia akaniambia, "Atakimbia kabla ya Krismasi huyo."

Wyatt hakukimbia. Tamasha la majira ya kuchipua lilipofika alipiga hadi masikio yakawa mekundu, na Eufemia, aliyekuwa kando yangu, hakupiga makofi mpaka akague kama mishono ya kwapani imeshika. Ilishika. Ndipo akapiga.

Sasa kila Agosti, shule inapofunguliwa, huenda nami ofisini kuomba kuziona fomu. Bi Stroud humwekea kiti na kahawa. Kiti hukikubali, kahawa huniachia mimi.